Tumbo Limeshiba, Mwili Bado Unadai

Taja aina nne kuu za molekuli za kikaboni zinazojenga viumbe hai. Alama nne.

Swali hilo mwanachuo yeyote aliyepita mchepuo wa sayansi analijibu huku anapiga miayo. Kabohaidreti, yaani wanga na sukari; protini; lipidi, yaani mafuta na ndugu zake; na asidi nukleiki, yaani DNA na RNA. Hata wenzetu wa sheria na uhasibu wanazikumbuka tatu za kwanza, maana shule ya msingi tulifundishwa vyakula vya kutia nguvu na vyakula vya kujenga mwili. Tulizikariri tukiwa watoto, tukazikariri tena kidato cha tano, na mwaka wa kwanza hapa chuoni tukazikuta kwenye madesa kana kwamba ni wageni wapya.

Naomba niongeze swali moja ambalo sijawahi kuliona kwenye karatasi ya mtihani. Kati ya hizo nne, ni zipi zinazopungua kwenye sahani ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu kule Igurwa, na kwa nini zipungue wakati shamba limejaa? Mimi nasema hilo ndilo swali lililofanya lile la kwanza listahili kufundishwa. Tukishindwa kulijibu, alama nne zile tulipewa bure.

Igurwa ni kwetu. Kwa wasiojua, iko Karagwe, mkoani Kagera, huku kaskazini magharibi ambako ukisogea kidogo unaingia Rwanda au Uganda. Ndugu zetu wa Kyerwa tulikuwa nao wilaya moja mpaka ilipogawanywa mwaka 2012. Ni nchi ya kijani. Mvua inanyesha misimu miwili, migomba imezunguka kila nyumba, katikati ya migomba kuna kahawa, chini yake kuna maharage, na pembeni kuna mparachichi unaodondosha matunda mpaka watoto wanayachezea mpira. Ukimwambia mtu wa Dodoma au Singida kwamba huko nako kuna tatizo la lishe, atakucheka. "Nyie si ndio mnaokula ndizi mpaka nyingine mnawapa ng'ombe?"

Ni kweli tunawapa ng'ombe. Lakini hesabu ni hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba Kagera, takribani watoto 42 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 34. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ukakuta Kagera imeshuka hadi 34, na taifa 30. Tumepiga hatua, tusikatae. Ila bado ni mtoto mmoja kati ya watatu. Na tazama mikoa iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha hiyo ya 2022: Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa tunayoiita ghala la chakula! Kwa hiyo njaa ya kukosa kitu cha kutia mdomoni haitoshi kueleza jambo hili. Kuna kitu kingine, na sehemu ya kitu hicho inaonekana vizuri sana ukiitazama sufuria kwa macho ya zile molekuli nne.

Tuanze na ndizi, maana ndiyo mwenye nyumba. Ndizi mbichi ya kupika, ukiondoa maji, karibu yote iliyobaki ni wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, molekuli moja ya sukari iliyoshikana na mwenzake, na mwenzake, mamia kwa maelfu. Ndizi ikiiva, vimeng'enya vinaukata mnyororo huo vipande vipande, sukari inatoka, ndiyo maana ndizi iliyolala kwenye shimo siku kadhaa inakamuliwa na kutoa juisi tamu ya kutengenezea rubisi. Wazee wetu walikuwa wanafanya biokemia kabla neno lenyewe halijafika. Na ukitaka kushangaa zaidi, shina na majani ya mgomba yamejaa selulosi, ambayo nayo ni glukosi ileile, ila imeunganishwa kwa namna nyingine. Sisi hatuna kimeng'enya cha kuikata. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoikata, ndiyo maana yeye anakula mgomba na kutupa maziwa.

Sasa namba. Gramu 100 za ndizi ya kupika zina kama gramu 30 za wanga. Protini ni kama gramu 1 tu. Mafuta hayafiki hata nusu gramu. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu anahitaji takribani gramu 13 za protini kwa siku. Kama angetegemea ndizi peke yake, angetakiwa ale zaidi ya kilo moja kila siku. Mtoto huyu tumbo lake kwa mlo mmoja linabeba kitu kama kikombe kimoja na kidogo. Mlishe vikombe vitatu vilivyojaa kwa siku, atashiba mpaka atalala, na bado hatafika. Maziwa ya mama yanasaidia kama bado ananyonya, ila kadiri anavyokua ndivyo deni linavyohama kutoka kwa mama kwenda kwenye sufuria.

Hapo ndipo lilipo neno letu la kupotosha: kushiba. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, na kwa Kinyambo pia, mtoto aliyeshiba amelishwa vizuri. Likizo iliyopita nilikuwa nazungumza na shangazi yangu kuhusu mjukuu wake, ambaye kliniki walisema urefu wake hauendi na umri. Shangazi alinishangaa. "Mwanangu, huyu anakula. Hebu tazama tumbo hilo. Analia njaa lini?" Hakuwa anadanganya. Mtoto alikuwa anakula kweli, tena mara nyingi. Lakini tumbo na mwili ni wadai wawili tofauti. Tumbo linadai ujazo, na ndizi inalipa deni hilo vizuri kuliko chakula chochote. Mwili unadai matofali. Tumbo likishalipwa linanyamaza, na likinyamaza hakuna anayemsikia yule mdai wa pili.

Matofali ninayosema ni asidi amino. Protini zote za mwili wako, kuanzia nyama ya mguu hadi vimeng'enya vya mate, zinajengwa kwa aina 20 tu za asidi amino. Nyingine mwili unajitengenezea wenyewe. Tisa hauwezi, lazima zije kwenye chakula. Na asidi amino, tofauti na wanga, ina naitrojeni ndani yake. Kwa hiyo hata ule sukari kiasi gani, mwili hauwezi kugeuza sukari tupu kuwa msuli, kama vile fundi hawezi kupandisha ukuta kwa maji matupu.

Nani basi anatuletea naitrojeni pale Igurwa? Maharage. Mizizi ya mharage ina vinundu, na ndani ya vinundu kuna bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa kitu mmea unaweza kutumia. Mgomba hauna fundi huyo. Ndiyo maana maharage yaliyoiva yana kama gramu 8 za protini katika kila gramu 100, mara nane ya ndizi. Nusu kikombe cha maharage kinampa mtoto wetu zaidi ya nusu ya mahitaji yake ya siku. Kwa hiyo bibi zetu waliochanganya ndizi na maharage kwenye chungu kimoja na kukiita katogo hawakukosea hata kidogo. Kanuni ilikuwa sahihi kabla ya Chuo Kikuu chochote kujengwa Afrika Mashariki.

Tatizo liko kwenye kugawa. Mara nyingi nimeona, na wenzangu wa Karagwe na Kyerwa mtanisahihisha, kwamba mtoto mdogo akipakuliwa katogo anapewa ndizi iliyopondwa na mchuzi wa maharage. Maharage yenyewe yanabaki kwa wenye meno, eti mtoto yatamjaza gesi. Mchuzi unapendeza kwa rangi, lakini protini nyingi imebaki ndani ya punje. Kumbe kinachohitajika ni kuyaponda maharage na kuyatoa maganda, kazi ya dakika tano. Na maharage yenyewe yakivunwa tu, malori yameshafika. Mengi yanauzwa palepale kwa sababu karo, sabuni na dawa vinasubiri. Yai nalo linauzwa. Maziwa nayo yanauzwa. Kinachobaki bila mnunuzi wa haraka ni ile ndizi ya nyuma ya jiko.

Mafuta ndiyo yanayosahaulika kabisa. Watu wa mjini mmezoea kusikia mafuta ni adui, kwa sababu ya vitambi na presha. Kwa mtoto mchanga habari ni nyingine. Karibu nusu ya nishati iliyomo kwenye maziwa ya mama inatoka kwenye mafuta. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini inatoa 4, kwa hiyo mafuta ndiyo njia ya kutia nguvu nyingi kwenye tumbo dogo. Kila seli mwilini imezungushiwa utando wa lipidi, na ubongo unaokua kwa kasi katika miaka miwili ya kwanza unahitaji mafuta ya kutosha. Sasa mtoto huyu anaachishwa ziwa, chakula chenye mafuta mengi, anahamishiwa kwenye ndizi ya kuchemsha isiyo na tone. Na nje pale mparachichi umedondosha! Parachichi lina kama gramu 15 za mafuta kwa kila gramu 100, ni laini, halihitaji kuni wala jino. Senene nao, wale tunaowasubiri mwisho wa mwaka kwa hamu, wakikaushwa karibu sehemu mbili kati ya tano za uzito wao ni protini, na mafuta yao yanakaribia kiasi hichohicho. Tunakula kama bisi kwenye sherehe, tunapeleka na mjini kuringia. Nani amewahi kuwasaga akamtilia mtoto kwenye uji?

Molekuli ya nne, asidi nukleiki, haipungui kwenye sahani ya mtu. Mwili unajitengenezea. Lakini nayo ina kesi yake hapa, kwa sababu ndiyo kisingizio chetu kikubwa. Utasikia, "Ukoo wetu ni wafupi, ndivyo tulivyoumbwa." Maana yake, ni vinasaba, usihangaike. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza viwango vya ukuaji wa watoto vilivyotolewa mwaka 2006, lilipima watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ikaonekana kwamba katika miaka mitano ya kwanza, watoto hao wa mabara tofauti wanarefuka karibu sawasawa. DNA ni ramani ya nyumba. Ramani ikiwa nzuri na matofali yasije, nyumba itaishia kwenye msingi, na hapo kumlaumu mchora ramani ni kuonea tu.

Hili si jambo jipya katika nchi za migomba. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika kuhusu ugonjwa ambao Waga wa kule waliuita kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayesukumwa pembeni mdogo wake anapozaliwa. Watoto aliowaona walikuwa wanalishwa mahindi. Hapa jirani, hospitali ya Mulago mjini Kampala ikawa mojawapo ya vituo vikubwa duniani vya kuuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean waliofanya kazi Uganda wakatoa kitabu kizima juu yake. Wagonjwa wengi waliowaona walikuwa watoto wa Buganda, walioachishwa ziwa na kuhamia kwenye matoke. Chakula chetu hasa.

Lakini historia hiyo ina somo la pili, na nisipolisema nitakuwa nimewauzia nusu ya habari. Baada ya hapo dunia nzima ilishikwa na homa ya protini. Kila tatizo la lishe likaitwa upungufu wa protini, unga wa protini ukatafutwa kila kona. Mwaka 1974 Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba lile lilikuwa kosa kubwa, kwamba watoto wengi walikosa chakula chenye nishati ya kutosha kwa jumla. Na alikuwa na hoja ya kikemia: mtoto asipopata nishati ya kutosha, mwili unachoma asidi amino kama kuni. Kwa hiyo wanga wa ndizi ndio unaoilinda protini ya maharage isichomwe. Ndizi si adui wa mtu. Mwenye makosa ni ile ndizi iliyokaa sahani nzima peke yake. Ongeza hapo minyoo, malaria, kuharisha kwa sababu ya maji machafu, na mama anayelima tangu alfajiri na kumwachia mtoto mwenzake wa miaka saba amlishe. Mtoto anayeharisha kila mwezi anapoteza hata kile kidogo alicholishwa. Sisemi molekuli zinaeleza kila kitu. Nasema zinaeleza sehemu ambayo sisi, wenye vyeti, tunaijua na hatuisemi.

Kwa nini hatuisemi? Nadhani sababu ya kwanza ni lugha. Shule ya msingi tulisema wanga na protini. Tulipoingia kidato cha kwanza maneno yakabadilika usiku mmoja, na tangu siku hiyo elimu ya chakula ikahama nyumbani ikaenda kukaa kwenye daftari. Mwanachuo wa mwaka wa tatu anaweza kuchora muundo wa asidi amino ubaoni, ila mwambie amweleze mama yake kwa Kiswahili kwa nini maharage si mboga tu, ataanza kugugumia. Si kwamba maneno hayapo. TUKI walishatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, wengi wetu humu tulikuwa hatujazaliwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayetudai tuyatumie. Mtihani unadai Kiingereza, basi tunalipa kwa Kiingereza, na kijiji kinabaki kinadai.

Sababu ya pili ni aibu. Tukirudi likizo hatutaki kuonekana tunawafundisha wazazi kupika. Nawaelewa. Kijana aliyelelewa kwa ndizi hizohizo akamaliza kidato cha sita, leo anarudi na kusema chakula cha nyumbani kina kasoro? Utaambiwa, "Mbona wewe umekua?" Na kweli nimekua. Wengine katika wale niliocheza nao hawakukua hivyo. Walioshindwa darasani mapema hawapo humu chuoni kusimulia, kwa hiyo sisi tuliopo ni ushahidi mbovu kabisa wa kwamba mambo yalikuwa sawa.

Sababu ya tatu ni mazoea ya kale, na hapa Karagwe ina ushahidi wake wa kihistoria. John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, akaandika baadaye jinsi wake wa ukoo wa kifalme walivyonyweshwa maziwa siku nzima mpaka wakashindwa kusimama, kwa sababu unene ulikuwa heshima ya jumba. Tuache majivuno ya Speke, ambaye alithubutu hata kumpima mke wa mtu kwa utepe. Ninachokitazama mimi ni yale maziwa. Mafuta na protini za nchi hii zilikuwa na anwani: ziliishia kwa wakubwa, na mkulima akabaki na mgomba wake. Leo hakuna jumba la Omukama la kupelekea maziwa, lakini anwani bado zipo. Nyama ikipikwa, kipande kinene kinajulikana ni cha nani. Yai lina mgeni wake. Anayejenga ubongo mpya kila siku ndiye wa mwisho kupakuliwa.

Najua nitakachojibiwa na wenzangu wa uchumi. "Ndugu, huo ni umaskini. Mpe mama huyo hela, yai atamlisha mwanawe bila wewe kumhubiria." Nakubali nusu. Bei nzuri ya kahawa inafanya kazi kuliko semina kumi. Lakini parachichi linalooza chini ya mti halihitaji hela. Kuponda maharage badala ya kutoa mchuzi hakuhitaji hela. Debe moja la maharage kubaki darini lori linapokuja linahitaji hela kidogo, ila linahitaji zaidi baba mwenye kujua kwamba debe lile si akiba ya mboga, ni mwili wa mtoto wake wa mwaka mzima. Na tusisahau hao wa Iringa na Njombe, wanaovuna na kuuza. Kama mavuno peke yake yangetosha, wasingekuwa kileleni kwenye orodha ile.

Sisi wenyewe tunajipima vibaya vilevile. Boom likiingia, chipsi kavu na soda, tunajiona matajiri. Boom likikata, tunarudi kwa mama ntilie kula wali maharage kwa sura ya huzuni. Kumbe pale ndipo tunapokula vizuri: mchele una upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, maharage yanayo kwa wingi, maharage yana upungufu wa methionini, mchele unaifidia. Sahani ya kujihurumia ndiyo iliyokamilika, na ile ya kuringia ni wanga uliokaangwa. Kama mwanachuo wa biolojia mwenyewe anapanga heshima ya chakula kwa bei, atamlaumu vipi shangazi anayeipanga kwa ujazo?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na ninayaelekeza kwetu, si kwa serikali. Serikali ina Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, nayo ina kazi yake na lawama zake.

La kwanza, walimu wetu wa biolojia na kemia wa chuo hiki watutungie walau swali moja kila muhula linalotoka jikoni. Wape wanafunzi sahani halisi ya Igurwa, ya Makete, ya Micheweni, wapige hesabu ya nini kipo na nini kinadai. Anayejua mnyororo wa glukosi lakini hawezi kuuona kwenye ndizi hajaujua bado.

La pili, serikali yetu ya wanafunzi kila mwaka inachapisha fulana za kampeni. Mwaka huu ichapishe karatasi moja, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha nyumbani, kila mmoja aiandike upya kwa lugha ya kwao anapokwenda likizo. Kinyambo changu nitakiandika mwenyewe. Haihitaji kusema asidi amino. Inatosha kusema: ndizi inashibisha, maharage yanajenga, parachichi linatia mafuta, mpe mtoto yote matatu kwenye kikombe kimoja, na umpe kwanza.

La tatu ni la mtu mmoja mmoja. Ukifika nyumbani likizo hii, usianze na hotuba. Omba upewe kazi ya kumlisha mdogo wako, au mtoto wa dada. Chukua ndizi yake, ponda humo maharage vijiko vinne vitano, kata robo ya parachichi, changanya. Mama atauliza unafanya nini. Hapo ndipo mtihani wako wa molekuli nne utakapoanza, na msahihishaji ana miaka hamsini ya uzoefu wa jiko. Atakubishia, na katika mengine atakuwa sahihi kuliko wewe. Mjibu kwa heshima, mwambie unachokijua, msikilize anachokijua yeye. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto wa Igurwa ana siku kama elfu moja hivi, tangu mimba mpaka miaka miwili, za kukunjwa vizuri. Likizo yetu ni wiki chache tu kati ya hizo. Zinatosha kumlisha mmoja na kumfundisha anayebaki naye.